Barua ya Wazi kwa FIFA: Pongezi kwa Kumlinda Asiyeumia

Waheshimiwa viongozi, Zürich,

YAH: MPANGO WENU WA KULINDA KLABU

Hongereni kwa mpango huu mliouanzisha 2012. Mchezaji akiumia akiitumikia timu ya taifa, akakaa nje zaidi ya siku 28, mnaifidia klabu yake mshahara wake kwa muda usiozidi mwaka, hadi euro milioni 7.5. Jina halidanganyi. Klabu haina goti wala bega, lakini ndiyo inayolindwa. Tena mkaweka sharti la busara: jeraha liwe la muda. Ulemavu wa kudumu haumo, kifo hakimo. Kipa atakayepona ana bei kila siku anayolala kitandani. Asiyerudi langoni kamwe hana hata senti. Anayetaka huruma yenu aumie kwa kiasi.

Mtajibu kwamba wanasoka ni matajiri, wajikatie bima wenyewe. Haya, tumtazame Gordon Banks, bingwa wa dunia 1966, aliyeokoa kichwa cha Pelé kule Guadalajara 1970. Oktoba 1972, miezi michache baada ya waandishi kumchagua mwanasoka bora England, ajali ya gari ilimpofusha jicho la kulia. Winga aliyeishiwa mbio huweza kurudishwa kiungo. Kipa asiyeweza kukadiria umbali wa mpira apelekwe wapi? (Naam, 1977 alidaka tena Fort Lauderdale, Marekani, kwa jicho moja, na alidaka vizuri. Ligi ya England ndiyo hakuirudia.) Baadaye akawa kocha wa Telford United. Akaenda kufanyiwa upasuaji, aliporudi akafukuzwa, kisha akapewa kazi ya kuuza tiketi za bahati nasibu. Akaikubali, akitumaini kuuokoa mkataba wake. Mwaka 2001 medali yake ya Kombe la Dunia ikapigwa mnada kwa pauni 124,750.

Ajali ya barabarani haiwahusu, mtasema, na mpango wenu haukuwepo. Kweli kabisa. Lakini mpeni Banks jezi ya taifa leo, jicho lile lipotee uwanjani kwenye mechi iliyo katika kalenda yenu: kwa upofu wa kudumu, mpango wenu ungempa nini? Na huyo alikuwa Banks. Kipa wa ligi zetu anayeitwa Taifa Stars au Harambee Stars hana medali ya kupeleka mnadani, na kwa kuwa fidia hupimwa kwa mshahara, hata klabu yake haina kikubwa cha kutarajia.

Kuna hoja nzito zaidi: bila fidia, klabu zingewazuia wachezaji wao. Sawa, zilipeni. Ila kama kipengele cha ulemavu wa kudumu ni kigumu kukiandika, basi kila kipa anapoitwa timu ya taifa, barua ya wito iambatane na kitabu kimoja cha tiketi za bahati nasibu, ajizoeze kuuza mapema.

Wenu katika ujenzi wa soka,
Mlipa kiingilio