Kompyuta Yenye Kitoweo

Wataalamu wa lugha walipoona laptopu inakaa mapajani wakaiita kipakatalishi, kutokana na kupakata, kama unavyompakata mtoto. Ni dhahiri hawakuwahi kupakata ya kwangu. Ukiipakata dakika kumi, ya kumi na moja unatafuta mafuta ya nazi ya kupaka mapaja. Ni ya mwaka 2013, nilirithishwa na mwanangu alipomaliza chuo. Kwa kawaida baba ndiye humrithisha mtoto, lakini kwenye vitu vinavyotumia chaji urithi unapanda kwenda juu.

Mimi ni mwalimu mstaafu, na ni katibu wa kikundi cha kuweka na kukopa cha akina mama wanaouza dagaa pale Mwaloni, Kirumba. Hesabu zote za kikundi ziko ndani ya kompyuta hiyo. Siku moja mwanachama alinifuata nyumbani, Igogo, kuuliza salio lake. Nikabofya faili. Tukakaa tunatazama kile kiduara kinavyozunguka. Kikazunguka, kikazunguka. Akaniambia, "Mwalimu, ngoja nikamsaidie mama jikoni." Akasonga ugali, akapakua, tukala, tukanawa mikono, ndipo faili likafunguka. Salio lilikuwa shilingi 12,000.

"Hilo nilikuwa nalijua," akasema. "Nilikuja kuona kama na wewe unalijua."

Habari hizo zilifika kwa mwenyekiti kabla sahani hazijakauka. Akaniita, akanipa muda wa kurekebisha mambo: mbalamwezi moja.

Kwa msomaji anayekaa mbali na ziwa, inabidi nieleze. Dagaa wa Ziwa Victoria huvuliwa usiku kwa taa. Zamani zilikuwa karabai, siku hizi nyingi ni za sola. Taa inaelea juu ya maji, dagaa wanaufuata mwanga, wavu unawazunguka. Mwezi ukiwa mpevu ujanja huo haufanyi kazi, maana ziwa zima linakuwa na taa moja kubwa isiyomaliza chaji. Kwa hiyo mwalo una kalenda yake: kuna giza na kuna mbalamwezi. Giza ndilo lenye fedha. Mbalamwezi watu wanaziba nyavu, wanaoa, wanagombana na wanakuja kukopa. Marejesho yetu yote yanafuata mwezi, na yeyote atakayemdai mvuvi tarehe 30 bila kwanza kutazama angani atakuwa amehamia Mwanza juzi. "Giza likiingia," mwenyekiti akasema, "tunataka vitabu vinavyofunguka."

Mpwa wangu aliikagua laptopu kwa dakika mbili akatoa hukumu: ramu ni GB 2, ndogo mno. Nikamtaka anifafanulie kwa Kiswahili cha mwaloni, naye akanifafanulia vizuri kuliko vitabu. Diski ni stoo ya magunia. Ramu ni turubai unalomwagia dagaa ili uchambue. Stoo yako inaweza kuwa kubwa kama uwanja wa mpira, lakini turubai likiwa la kukalia mtu mmoja utakuwa unatoa debe, unachambua, unarudisha, unatoa jingine, mpaka jua linazama. "Ongeza turubai, mjomba. Usinunue kompyuta mpya."

Neno "usinunue" limekuwa likinipendeza tangu nistaafu. Asubuhi iliyofuata nikashuka mjini.

Nilipita Makoroboi, mahali palipopata jina kwa mafundi waliokuwa wakigeuza mabati na makopo kuwa koroboi, na nikaingia duka moja la vifaa vya kompyuta. Kijana alinisalimia vizuri, nikaitikia marahaba, nikasema nataka ramu ya GB 4.

"Ya kompyuta gani, mzee?"

"Nyeusi."

Ninakiri kosa lilikuwa langu. Lakini na yeye alikubali jibu. Akanifungia kitu kwenye nailoni, nikalipa shilingi 40,000, nikapanda mlima wa Igogo nikijisikia mhandisi. Mpwa wangu alipokifungua alicheka mpaka akakaa chini. Kilikuwa kirefu kama rula, karibu sentimita 13, na ramu ya laptopu haifiki 7. Ile ilikuwa ya kompyuta ya mezani. Nikageuza risiti. Chini kabisa, kwa herufi za siafu: mali ikishauzwa haitarudishwa.

Safari ya pili nilikwenda kisomi. Nilipima kwa uzi ule urefu alioutaja mpwa, kama fundi cherehani, nikaenda na uzi wangu duka la pili. Ikapatikana ramu yenye urefu uleule wa uzi, shilingi 45,000. Nikarudi nyumbani kuifunga mwenyewe, maana mpwa alikuwa kazini na mwezi ulikwisha kuanza kupungua.

Sasa, nilikuwa nimesoma mahali kwamba mwili wa binadamu hubeba umeme tuli, ule unaotoa cheche ukivua sweta gizani, na kwamba cheche usiyoihisi kabisa inaweza kuua chipu. Dawa yake ni kuchomoa chaja, kutoa betri na kugusa chuma kabla ya kushika kifaa. Mwanza, na huu unyevu wa ziwa, si mji wa sweta. Lakini mwalimu akisoma kitu anakitii, na anakitii kupita kiasi. Walisema gusa, mimi nikashika. Mkono wa kushoto nondo za dirisha, mkono wa kulia bisibisi, laptopu imelala kifudifudi juu ya stuli. Skrubu zilikuwa zimekaza tangu 2013. Nikauma meno. Nikasukuma. Mkono ukaanza kutetemeka, jasho likanitoka, macho yakanitoka.

Jirani yangu wa juu alikuwa anapita kwenda msibani na mwiko wake, ule mrefu wa kusongea ugali wa watu mia. Akatazama dirishani. Alichoona ni mzee ameng'ang'ania chuma, anatetemeka, ameuma meno, na mbele yake mtambo uko wazi.

"Mayu! Mwalimu kapigwa shoti!"

Kila mtu anajua aliyenaswa na umeme haguswi kwa mkono, hutenganishwa kwa mti mkavu. Na mwiko ni mti mkavu. Pigo la kwanza lilitua kwenye kiwiko, na nalipokea kama msaada wa ujirani mwema. Pigo la pili lilikuja baada ya mimi kuachia nondo na kusema kwa sauti kabisa, "Mama, sijanaswa!" Hilo nina shaka nalo. Nadhani lilihusu mkopo tuliomkatalia mwezi wa nne.

Kisahani cha skrubu kiliruka dirishani. Wasiojua Igogo wafahamu kwamba nyumba zetu zimepandana juu ya mawe, paa la mmoja liko usawa wa kizingiti cha mwingine, na kitu kikikuponyoka kinakuwa mali ya jirani wa chini. Machungwa, mipira, sufuria, vyote huteremka kuelekea ziwani visirudi. Niliwatuma watoto kwa ahadi ya shilingi mia kwa kila skrubu. Zilizoondoka ni saba. Wakarudi na kumi na moja, na nikalazimika kulipa zote, ikiwemo moja ambayo hadi leo naamini ni ya kitanda cha mtu.

Na baada ya yote hayo ramu haikuingia. Urefu karibu sawa, unene karibu sawa, lakini ule mkato mdogo ukingoni, unaotakiwa kukaa juu ya kijino cha tundu, ulikuwa umesogea pembeni kidogo. Jirani wa kushoto, fundi wa mashine za boti, aliyekuja kuona maiti akanikuta hai, aliitazama kitaalamu.

"Inataka tupa tu, Mwalimu. Milimita mbili hivi. Ninayo kwenye boti."

Namshukuru Mungu nilikuwa nimechoka mno hata kukubali. Baadaye nilifahamishwa kwamba mkato ule umesogezwa kwa makusudi, ili watu kama mimi na jirani yangu tuzuiwe. Laptopu yangu inatumia DDR3, yenye miguu 204 ya shaba. Niliyonunua ni DDR4, yenye miguu 260. Umeme wanaokula ni tofauti na lugha wanayozungumza ni tofauti. Ukilazimisha ndoa hiyo unaunguza nyumba ya bwana harusi.

Aliyenifahamisha ni fundi wa kibanda kimoja mjini, nilikopeleka laptopu imefungwa kwenye kanga, skrubu kwenye bahasha. "Shikamoo, Mwalimu!" akasema, na moyo wangu ukazama. Nilimfundisha darasa la nne. Kama kuna mtoto aliyenitesa kwa saba mara nane, ni huyo. Nilimchapa kwa ajili ya hamsini na sita.

Hakusema neno kuhusu habari hizo. Alifungua kifuniko, akafungua feni, akanyamaza. Akachukua kibano, akavuta kitu kama bonge la pamba ya kijivu, akaliweka juu ya karatasi, tukalitazama wote wawili. Kwanza kulikuwa na wale wadudu wadogo wa ziwani, wanaoinuka juu ya maji kama moshi wa nyumba inayoungua na kufuata kila taa mjini. Umeme ukikatika nami nikaendelea kuandika, taa pekee mtaani huwa ni kioo changu, kwa hiyo wanakuja wote. Halafu kulikuwa na magamba. Halafu, kwa kuwa kila wiki naiweka laptopu juu ya magunia kule Mwaloni, kulikuwa na dagaa mmoja mzima, mkavu, macho wazi.

"Mwalimu," akasema kwa upole, "hii laptopu ina kitoweo."

Alisafisha. Akachomoa ile ramu ya zamani, akasugua miguu yake kwa kifutio cha penseli, kitu kilichonifariji sana, maana ni kifaa cha taaluma yangu. Akasoma maandishi kwenye kibandiko: DDR3L, ile inayotumia volti 1.35 badala ya 1.5, kwa hiyo hata kati ya DDR3 na DDR3 kuna kuulizana ukoo. Akairudisha mahali pake, akatoa nyingine ya GB 4 kutoka kwenye droo yake, shilingi 35,000. Akaiingiza ikiwa imeinama, akaibonyeza taratibu, vibanio vya pembeni vikalia ta! Sekunde tano. Mimi nilikuwa na siku nane na alama ya mwiko.

Tukawasha. Skrini ikaandika: ramu iliyofungwa GB 6, inayotumika GB 3.41.

"Nyingine imekwenda wapi?" nikauliza. Nilitazama kuona kama hajairudisha kwenye droo.

Hapo ndipo kijana wa saba mara nane aliponipa somo. Windows niliyowekewa zamani ni ya biti 32. Inaweza kuhesabu anwani za kumbukumbu mbili kwa kipeo cha 32, "yaani," akasema bila karatasi, bila kuhema, "4,294,967,296, Mwalimu." Hizo ni GB 4, na sehemu yake vifaa vingine vinajichukulia. Zinazobaki zipo, ila hazina anwani. Nilielewa haraka, kwa sababu mwaka 2022 walipopita kubandika namba za nyumba, kule kwetu mawe yaliwashinda. Ndugu yangu mmoja anaishi mahali ambapo hata barua ya mahari isingefika. Ramu yangu mpya ilikuwa imejengwa juu ya jiwe. Dawa ni kuweka Windows ya biti 64, na hiyo ilimaanisha kuhamisha faili zote kwanza kwenye flashi, kufuta kila kitu, kuanza upya. Shilingi 20,000. Njoo kesho jioni.

Kesho yake nilirudi nyumbani usiku nimeipakata, kwa mara ya kwanza baridi. Mwezi ulichomoza kwa kuchelewa, ubavu mmoja umeliwa. Chombo kilichowashusha Wamarekani pale mwaka 1969 kiliongozwa na kompyuta yenye kumbukumbu ya kufanyia kazi kama kilobaiti 4, turubai la kuanikia dagaa mmoja kama yule wangu. Na ile kumbukumbu ya kudumu iliyobeba programu zake ilifumwa kwa mikono na wanawake kiwandani, waya ukipitishwa ndani ya pete ya sumaku au kando yake, kama anayeziba wavu. Wao walifika mwezini na kurudi. Mimi nina GB 6 na hesabu za Kirumba zilikuwa bado.

Giza likaingia. Pale Mwaloni magunia yalikuwa yamejaa, wanunuzi wamefika, akina mama wana haraka. Nikafungua faili mbele ya kamati nzima. Likafunguka kabla mwenyekiti hajavaa miwani. Mhazini, ambaye hajawahi kuamini kitu chenye chaja, akatoa kaunta buku lake lililolowa mafuta ya dagaa, tukalinganisha mwanachama mmoja mmoja. Tulitofautiana shilingi 500. Alikuwa sahihi yeye.

Kamati ikaridhika na ikaamua kunirudishia gharama za ramu iliyofanya kazi, ya shilingi 35,000, na za fundi. Zile mbili nyingine, mwenyekiti alisema, zilikuwa elimu ya katibu, na katiba ya kikundi haina kifungu cha karo. Skrubu pia hazimo.

Kwa hiyo, ndugu msomaji, ninazo ramu mbili za kuuza. Moja ni DDR3 ya kompyuta ya mezani, GB 4. Nyingine ni DDR4 ya laptopu, GB 4, haijaguswa na tupa. Bei ni maelewano. Nipo Mwaloni, uliza Mwalimu. Uje na kompyuta yenyewe, sitaki kusikia rangi yake, na uje wakati wa giza, maana mbalamwezi huku hakuna wa kukupa chenji. Mali ikishauzwa haitarudishwa.