Muhadhara wa Juu Kabisa Kuhusu Rangi na Injini ya Pikipiki ya Kifalme, Uliotolewa Bila Kuombwa

Mama na papa, wakubwa wa kartie zote, nanyi vijana wa taksi-moto mliosimama hapo mlangoni bila kuzima injini: zimeni. Anayesema ni mtaalamu. Cheo hiki nilijitunuku mwenyewe baada ya kuona kwamba katika komini nzima ya Lubumbashi hakuna mwingine aliyekuwa akikigombea, na kwa kuwa hadi leo hakuna aliyekipinga kwa maandishi, kimethibitika.

Mada yetu ni nzito. Mtu amepata pesa. Zimetoka wapi, hilo si somo la leo. Anataka pikipiki ya safari ndefu, ile yenye viti kama vya sebule na masanduku pande zote: Honda Gold Wing, Harley-Davidson Electra Glide, au BMW. Anauliza achukue rangi gani na injini gani. Wajinga huanza na injini. Injini inajulikana na Mungu na fundi tu, lakini rangi inahukumiwa na kila aliyekaa kwenye kiti cha plastiki kuanzia Place Moïse Tshombe hadi mwisho wa lami. Na lami, kama mnavyojua, haikawii kwisha.

Tuanze na nyeusi. Kwa miaka mingi Harley-Davidson iliuza nyeusi kwa bei ya msingi. Ukitaka rangi nyingine uliongeza, ukitaka rangi mbili juu ya tangi moja uliongeza tena. Kwa jicho la kitaalamu, basi, nyeusi hutangaza kwamba mwenye mali alifikia mwisho wa mfuko wake palepale dukani. Isitoshe, nyeusi ina uadui na mji huu. Kuanzia Mei hadi Septemba mvua inatusahau, na vumbi jekundu linaingia mjini bila kusimama kwenye ushuru wowote. Vumbi hilo wekundu wake ni oksidi ya chuma, kitu kilekile ambacho viwanda vya rangi Ulaya husaga, hutia kwenye makopo na kuuza. Sisi tunapakwa bure. Kijana wako ataliona, atachukua kitambaa kikavu, atafuta kwa bidii ya kutafuta sifa, na mchana juani utaona juu ya tangi mikwaruzo midogo ya duara isiyo na idadi. Maji kwanza! Maji mengi, ndipo kitambaa. Andikeni.

Kuna wanaopenda rangi isiyong'aa, wakidhani ni unyenyekevu. Hiyo ni rangi ya watu wasio na watoto. Haipigwi polishi, kwa sababu ukiisugua inang'aa mabaka. Na ikichubuka huwezi kuficha mchubuko, unapaka upya kipande kizima. Nyeupe ya lulu ni mtego mwingine. Mng'ao wake unatokana na chembe za maika, nayo hupakwa kwa tabaka zinazotegemeana. Mafundi wetu wa rangi nawaheshimu, wanachanganya kwa jicho, juani, wakiwa wamefumba jicho moja, lakini lulu haikubali jicho moja. Tangi litakuwa Gold Wing, sanduku la kushoto litakuwa mkwe wake.

Sasa buluu. Hapa ninaomba kimya, maana nafika kwenye kemia. Buluu ya kobalti ilitengenezwa Ufaransa na mkemia Thénard mwaka 1802, na kobalti yenyewe leo inatoka hasa nchini mwetu, sehemu kubwa ya dunia nzima. Lakini buluu inayopakwa kwenye magari na pikipiki siku hizi, mara nyingi ni ile inayoitwa fthalosianini, na katikati ya kila molekuli yake kuna atomi moja ya shaba. Mmesikia? Shaba! Kwa hiyo buluu ni yetu kwa haki mbili, ya kobalti na ya shaba. Inachimbwa kwetu ikiwa jiwe, inaondoka kwa lori kupitia mpaka wa Kasumbalesa, na inaturudia kwa njia ileile ikiwa tangi la pikipiki, safari hii na risiti ya forodha ya DGDA juu yake.

Mngetarajia basi nipendekeze buluu. Polepole. Katika mji huu buluu ikikaribiana na njano hata kwa mstari mwembamba wa urembo, wewe ni shabiki wa klabu ya Lupopo, mtoto wa reli, utake usitake. Ukikimbilia nyeusi na nyeupe, umejiandikisha Mazembe, wapinzani wao. Mazembe wana haki ya kujivuna, sikatai: ubingwa wa Afrika 1967, 1968, 2009, 2010 na 2015, na fainali ya dunia mbele ya Inter mwaka 2010. Na kuna jambo ambalo ni mimi peke yangu ninayelisisitiza kitaalamu: klabu hiyo zamani iliitwa Englebert, jina la kampuni ya Kibelgiji ya matairi. Ubingwa wa 1967 ulichukuliwa na tairi. Lakini siku ya derbi, egesha pikipiki ya rangi yoyote kati ya hizo nyumbani kwa shemeji. Nyekundu, nyeupe na kijani kwa pamoja, tena na misalaba ya shaba, usiguse kabisa: utalazimika kumfafanulia kila polisi wa rulaji historia ya kujitenga kwa Katanga, 1960 hadi 1963, na yeye atataka maelezo hayo yaambatane na kitu.

Inabaki rangi moja. Kwa uchunguzi wangu wa miaka mingi kutoka kwenye kiti hiki, nyekundu iliyofifia ya udongo ndiyo rangi pekee ambayo mwezi wa Julai pikipiki iliyooshwa na isiyooshwa hazitofautiani. Viwandani hawaitengenezi. Nimependekeza waitengeneze.

Injini, haraka, kabla chupa hii ya bia ya Simba haijaisha.

Mji wetu uko kwenye urefu wa mita kama 1,200. Hewa ni nyepesi, na kwa kanuni ya mafundi injini isiyo na turbo hupoteza karibu asilimia 3 ya nguvu kwa kila mita 300. Gold Wing ya sasa ina silinda sita na sentimita za ujazo 1,833. Kwa hewa ya hapa inapumua kama ya 1,600 hivi. Kijana pale mlangoni anauliza kuhusu ya kwake. Ya kwako inapoteza asilimia ileile, mdogo wangu, lakini inabeba watu watatu na mfuko wa unga wa bukari, kwa hiyo sayansi inaona haya kukuhesabia.

Esansi ndiyo maradhi makubwa. Harley zenye injini ya Milwaukee-Eight, zilizoanza na toleo la 2017, zinadai mafuta ya okteni ya juu, na BMW ya R 1250 GS inabana mchanganyiko wake mara 12.5, nayo inataka okteni 95. Chupa ya kando ya barabara haijawahi kuulizwa okteni yake. Ukisikia injini inagonga kama mtu anayetikisa misumari kwenye kopo unapopanda kilima, usiniletee mganga, ni mafuta. Gold Wing haina makuu hapo: kitabu chake kinaridhika na petroli ya kawaida. Ila kichujio cha hewa usikisahau, maana ile oksidi ya chuma niliyoisifu juu ya tangi, ikiingia ndani ya silinda inasaga.

Mnaonunua iliyotumika, sikilizeni zaidi ya wengine. Harley ya Twin Cam ya 1999 hadi 2006 ina vikaza mnyororo vya plastiki vinavyosukumwa na springi. Vinaliwa, na vipande vyake vinaelekea kwenye pampu ya oili. Fungua kifuniko uangalie kabla hujatoa dola. Milwaukee-Eight za mwanzo nazo, baadhi ya wenyewe walilalamika kwamba oili inajikusanya chini ya injini badala ya kurudi inakotakiwa. Harley husukuma gurudumu kwa mkanda, na changarawe moja ikiingia kati ya mkanda na puli, mkanda huenda umekwisha. Gold Wing na BMW hizi zinatumia shafti, iliyofichwa, yenye heshima. BMW ya silinda mbili imezitoa silinda zake nje kila upande kama mtu aliyeshika kiuno, na katikati ya mabasi yetu, ambayo mengi usukani wake uko kulia ilhali sisi tunapita kulia na dereva hamwoni anayetaka kumpita, kiuno hicho kitaguswa.

Fundi je? Duka ninalolijua mimi lenye mashine ya kuzungumza na kompyuta ya pikipiki hizi liko Johannesburg, kama kilomita elfu mbili. Harley inataka oili mpya kila kilomita 8,000. Kwenda kubadilisha oili na kurudi kunakula nusu ya oili uliyoifuata. Mwaka 2007 mwigizaji Ewan McGregor na mwenzake Charley Boorman walishuka Afrika nzima kwa BMW mpaka Cape Town, wakafika Zambia, jirani kabisa, wasivuke Kasumbalesa. Nililichukulia kama tusi. Sasa naona walikuwa wamepiga hesabu ya oili.

Na uzito: Gold Wing ya masanduku inazidi kilo 360, kiasi cha pikipiki tatu za taksi. Ina gia ya kurudi nyuma, ambayo kwenye tope la Januari itakurudisha kwenye tope ulilotoka.

Maswali. Mama wa mikate, karibu. Mama anasema: anayeendesha haoni rangi, anaona saa na kipande cha tangi. Rangi wanaifaidi waliokaa. Kwa nini basi asiilipe anayeifaidi?

Mama, hilo halikuwa kwenye muhadhara wangu, lakini nalipokea kama tafiti za baadaye. Kaske hii mnayoiona mezani, ambayo ni sehemu ya kwanza ya pikipiki yangu kufika, inapita kwenu sasa kuanzia kulia. Faranga zinapokelewa. Dola iliyochanika hata kidogo pembeni, mwenyewe abaki nayo.