Heko kwa Ripoti ya Siku Tisini

Fomu TM.47 haijapata malenga wake. Fukwe za Krabi zina wapambe tele, mahekalu ya Chiang Mai yamepigwa picha hadi njiwa wake wanajua kupozi, na supu ya tom yam imesifiwa katika kila lugha yenye tumbo. Lakini karatasi hii moja, ambayo mgeni anayeishi Thailand kwa kibali cha muda huijaza kila akitimiza siku 90 mfululizo nchini ili kuwaambia Uhamiaji anakaa wapi, hupata masimango tu. Wageni huisema kama watu wamsemavyo mkwe mdaku: haji kwa shida yoyote, huuliza anachokijua, na asipofunguliwa mlango kuna faini ya baht 2,000. Naona inaonewa. Katika yote ambayo Thailand humpa mgeni, hakuna kinachomfundisha kuishi nchini humo kuliko ripoti hii, na wastaafu wanaoilaani wakinywa kahawa Pattaya na Hua Hin wanamlaani mwalimu wao.

Tuanze na bei, maana sifa ya kitu huanzia sokoni. Milango mingine ya Uhamiaji hufunguliwa kwa pesa. Kuongeza muda wa kukaa ni baht 1,900. Kibali cha kutoka na kurudi ni 1,000 kwa safari moja, 3,800 kwa asiyetulia. Anayetaka kukaa kama mstaafu sharti awe ametimiza miaka 50 na aonyeshe baht 800,000 benki, au kipato cha 65,000 kwa mwezi. Mume mgeni aliyeoa Mthai huonyesha 400,000, kana kwamba ndoa ni punguzo la nusu bei. Ripoti ya siku 90 ni bure. Haiulizi una kiasi gani, unafanya kazi gani, wala kwa nini hukurudi kwenu. Kifungu cha 37 cha Sheria ya Uhamiaji ya mwaka 2522 kwa hesabu ya Kibudha, yaani 1979, kinataka jambo hili kwa mkaaji wa muda mrefu: useme unaishi wapi, kisha useme tena kila baada ya siku 90. Wako wazee wengi kwenye pwani ile ambao watoto wao wa kuzaa, huko Ulaya, hawawaulizi swali hilo mara nne kwa mwaka. Dola ya kigeni inawauliza, wala haiombi hata nauli.

Swali ni dogo, lakini jaribu kulijibu. Mgeni wa miezi ya mwanzo anajua kwamba anakaa karibu na 7-Eleven, jambo lisilomwelekeza mtu popote katika nchi yenye maduka hayo zaidi ya 14,000. Fomu haikubali uvivu huo. Anwani kamili ina namba ya nyumba, moo, yaani kijiji, kisha soi, yaani kichochoro, barabara, tambon (kata), amphoe (wilaya) na changwat (mkoa). Na ukiwa Bangkok tambon hugeuka khwaeng, amphoe ikawa khet. Hapo ndipo mtu anapogundua kwamba namba za nyumba mara nyingi hufuata historia kuliko mtaa: kiwanja kilipewa namba kwa zamu ya kuandikishwa, kikaja kumegwa, na kila sehemu ikapata mkwaju wake na namba nyingine mbele yake. Anayesoma 99/14 anasoma habari za urithi na mauzo ya ardhi bila kujua. Vichochoro navyo vina hesabu zao. Kwenye barabara ya Sukhumvit namba witiri ziko upande mmoja na shufwa upande wa pili, lakini upande mmoja umejaa vichochoro kuliko mwenzake, kwa hiyo soi 55, inayojulikana zaidi kwa jina la Thong Lo, inatazamana na soi 38. Mtalii hupotea hapo akailaumu ramani. Mkaaji aliyekwisha kuijaza fomu mara tatu anajua kwamba ramani haina kosa. Tena, akitaka kuwa na uhakika wa anwani yake, itambidi amwombe mwenye nyumba amwonyeshe tabien baan, kile kitabu cha samawati cha kuandikishia kaya, na pengine hayo ndiyo yatakuwa mazungumzo yao ya kwanza yasiyohusu kodi wala bomba linalovuja.

Halafu kuna kalenda. Siku 90 si miezi mitatu, na wengi wameponzwa na kudhani hivyo: aliyeingia tarehe mosi Januari, katika mwaka wa kawaida, siku yake ni tarehe 31 Machi, si mosi Aprili. Sheria, kwa upole ambao wadeni wengi wangeutamani, humruhusu kuripoti kuanzia siku 15 kabla hadi siku 7 baada. Anayeshika siku yake barabara hutumia siku 360 kwa mizunguko minne, hivyo tarehe zake hurudi nyuma siku tano kila mwaka, kama Ramadhani inavyorudi nyuma, ila kwa hatua fupi. Na kwa kuwa msimu mfupi kuliko yote, ule wa joto wa katikati ya Februari hadi katikati ya Mei, wenyewe una siku kama 90, hakuna msimu unaoweza kumponyoka. Atakwenda ofisini jua likichoma, atakwenda mvua ikimwagika, atakwenda katika ile miezi ambayo Wathai huiita baridi na wewe ukabaki kutazama. Wa Chiang Mai ataipata ripoti yake ya Machi ndani ya moshi wa mashamba na misitu inayoungua, akaelewa kwa nini majirani hufunga madirisha. Akisogeasogea na tarehe zake ataangukia Songkran, tarehe 13 hadi 15 Aprili, ofisi zimefungwa na nchi nzima inamwagiana maji. Hata matunda yatampimia muda: embe za Aprili kwa wali wa kunata, kisha doriani za Rayong na Chanthaburi zikifuatana na shokishoki, halafu longan za Lamphun mvua zikiwa zimekolea. Msomaji wa Unguja hahitaji kuelezwa doriani na shokishoki ni nini. Wala hatababaishwa sana na saa za Kithai za jioni, maana saa moja usiku huko huitwa thum moja, saa mbili thum mbili, hadi saa tano. Mzungu ndiye anayehitaji kikokotoo.

Wanaosema ripoti humfunga mtu mahali hawajatazama inakompeleka. Ofisi ya Bangkok zamani ilikuwa Suan Phlu, katikati ya jiji. Siku hizi iko Chaeng Watthana, kaskazini kabisa, ndani ya jengo la serikali lenye ukubwa wa uwanja wa ndege mdogo. Hakuna kitabu cha watalii kinachompeleka mtu huko. Anayekwenda hupita mitaa isiyo na hoteli wala wauza suti, tangu mwishoni mwa 2023 kwa treni ya reli moja ya Laini ya Pinki, na akifika hula chakula cha mchana pamoja na makarani wa serikali, kwa bei za makarani. Huo ndio utalii ambao wasafiri wa mabegi mgongoni husema wanautafuta. Kwa asiyeitaka ripoti kabisa, sheria imeacha tundu: ukitoka nchini na kurudi, hesabu huanza upya. Ndiyo maana mtu aliyeapa kutopanga foleni Chaeng Watthana hujikuta juu ya Daraja la Urafiki la Nong Khai, lililofunguliwa mwaka 1994, akiuvuka mto Mekong kwenda Vientiane. Miezi mitatu baadaye yuko Penang, akila tambi na kulaani fomu. Akiongeza Savannakhet na Phnom Penh ameizunguka Asia ya Kusini-Mashariki kwa ukaidi tu. Hakuna kampuni ya utalii iliyowahi kumpeleka mtu mbali hivyo kwa karatasi moja.

Wapinzani wana hoja, na ya kwanza ni kwamba serikali inajua tayari. Kifungu cha 38 cha sheria ileile humtaka mwenye nyumba aripoti ndani ya saa 24 kwamba amempokea mgeni, kwa fomu nyingine, TM.30. Mara mbili za nini? Jibu ni kwamba TM.30 ni habari yako kwa kinywa cha mtu mwingine. Hata mtaani kwetu, jirani akisema fulani yupo, bado watu hungoja fulani mwenyewe apige hodi. Hoja ya pili ni nzito zaidi: tapeli anayejificha hawezi kujipeleka dirishani kila siku 90 kutaja namba ya chumba chake, kwa hiyo mtego huu huwanasa waaminifu peke yao. Hilo nalikubali lote, ila naona wapinzani wamelikosea jina. Orodha ambayo waovu hujiondoa wenyewe kwa hiari ni daftari la watu wema, na sijui nchi nyingine iliyofanikiwa kulikusanya kwa gharama ya karatasi na stepla. Tatu, husemwa kwamba siku hizi mtu aweza kuripoti kwa mtandao, kwa barua ya rejista, au kwa kumtuma mtu. Ni kweli, na ni hasara. Mtandao hauna makarani wala chakula cha mchana.

Hoja ya nne haitaki mzaha mwingi. Mwafrika Mashariki anayeishi Thailand, awe mwalimu Bangkok au mfanyabiashara wa vito kwenye soko la Chanthaburi, ana sababu ya kuichukia karatasi inayofuatilia makazi yake. Katika Kenya ya kikoloni, baada ya Vita Kuu ya Kwanza, mwanamume Mwafrika alilazimishwa kubeba kipande, mara nyingi kikiwa kwenye kibweta cha bati kilichoning'inizwa shingoni, na Harry Thuku alikuwa miongoni mwa waliokipinga kabla hajakamatwa mwaka 1922. Tofauti ipo, nayo si ndogo: kipande kilimfanya mwenyeji awe mgeni kwao, ilhali TM.47 humwuliza mgeni kweli, katika nchi ambayo haikuwahi kutawaliwa na Wazungu, swali ambalo mwenyeji yeyote ana haki ya kuuliza. Nimeridhika na jibu hilo nusu. Nusu ya pili inahusu nani anaulizwa mara ngapi.

Kwa maana sheria imekwisha kuwasamehe baadhi. Mwaka 2022 Thailand ilianzisha viza ya ukaazi wa muda mrefu, ya miaka kumi, na moja ya milango yake ni ya matajiri wenye mali isiyopungua dola milioni moja za Marekani. Wao huripoti mara moja kwa mwaka. Maskini matajiri, nilikuwa nimepanga kuandika hapa: wamenyimwa anwani, misimu, shokishoki na treni ya pinki. Lakini ripoti ya siku 90 haiwaangukii wastaafu peke yao. Inawahusu pia wafanyakazi kutoka Myanmar, Laos na Kambodia, wale wanaochambua uduvi kwenye viwanda vya Samut Sakhon na kupandisha matofali ya ghorofa za Bangkok. Kwao karatasi ya bure hula siku ya kazi, na faini ya baht 2,000 ni ujira wa siku tano au zaidi kwa kima cha chini. Mara nyingine pasipoti yenyewe inashikiliwa na mwajiri, na anwani ya kujaza ni bweni la kiwanda. Kwa hoja niliyoijenga tangu aya ya kwanza, basi, mchambua uduvi amependelewa mara nne kuliko milionea. Nimeigeuza sentensi hiyo kila upande, nikitafuta namna ya kuiandika bila haya, na sijaipata.