Tairi Nalo Hulipa Nauli

Video zote za kujitengenezea vitu nyumbani huanza na uongo mmoja: kwamba vifaa unavyo tayari. "Chukua mbao zilizobaki gereji," anasema kijana mwenye ndevu zilizochanwa vizuri, na nyuma yake naiona gereji yenyewe, pana kuliko nyumba yangu na ya jirani zikiunganishwa, bisibisi za kila saizi zimening'inia ukutani. Mimi nakaa Kawangware, orofa ya tatu, chumba na sebule. Ubao uliobaki kwangu ni ule wa kukatia sukuma wiki, na huo mama watoto hautoi kwa ajili ya sanaa.

Lakini ubahili una nguvu zake. Tulihitaji rafu ya vitabu, na fundi mmoja wa Dagoretti Corner alikuwa ameniambia elfu nne na mia tano. Anayepita Ngong Road anawajua mafundi hao: makochi na vitanda vimepangwa kando ya lami, mtu anapiga randa, mwingine anapaka vanishi, na vumbi la msumeno linaingia kwenye matatu bila kulipa. Barabara ilipopanuliwa walisogezwa, wakarudi, biashara ikaendelea. Nilimtazama yule fundi, nikatazama rafu zake, nikajiuliza hizo elfu nne na mia tano ni za nini hasa. Mbao ni mbao. Misumari ni misumari.

Jibu nilianza kulipata kwenye paleti. Niliuziwa paleti kuukuu kwa mia nne, nikaipandisha ngazi kwa furaha ya mtu aliyeokota pesa. Paleti ni kitu kilichotengenezwa ili kibebe mzigo mzito kuvuka bahari bila kufunguka, na yangu ilikuwa bado inatii amri hiyo. Misumari yake imesokotwa mwili mzima, kwa hiyo haing'oki. Kinachong'oka ni ubao. Nikanunua nyundo ya kung'olea misumari. Nikanunua msumeno. Kisha msasa, gundi ya mbao, vanishi, brashi, na tapentaini ya kusafishia brashi. Hapo nilikuwa nimevuka elfu tatu na mia tano, na nilichokuwa nacho sakafuni kilikuwa kuni zilizopakwa vanishi.

Halafu kuna ukuta. Kwenye video ukuta ni mbao nyembamba zilizofunikwa jasi, kijana anagusa tu na skrubu inazama. Nyumba za Nairobi ni mawe ya machimbo na saruji. Msumari wa kawaida ukiupiga hujikunja, ukatazama ulikotoka. Msumari wa mawe hauna tabia hiyo: huo huruka, na siku hiyo ulitua kwenye sufuria ya maharagwe. Ikabidi niazime drili kwa kijana wa nyumba ya mkabala, anayefanya kazi za mjengo Kilimani. Alinipa kwa mkono mmoja, wa pili bado umeishika waya.

"Mzee, nije nikushikie?"

"La, asante. Hii ni ya kujifanyia mwenyewe."

Akarudi kwake, lakini mlango wake akauacha wazi.

Tundu la kwanza lilikwenda vizuri. La pili lilitoa unga mkavu, kisha unga uliolowa, kisha maji. Mnaoujua mgao wa maji wa Nairobi mtanielewa. Katika ploti yetu mfereji unaweza kukauka wiki nzima, mwenye mkokoteni akitupandishia mitungi ya lita 20 kwa bei anayoipenda yeye. Jumapili hiyo ilikuwa zamu yetu, tangi la juu limejaa pomoni, na paipu yake ya kushukia ilipita nyuma ya pale nilipopanga kuweka kamusi. Maji yalitoka kwa nguvu ambayo bafu letu halijawahi kuiona.

Niliziba kwa kidole gumba. Ufunguo wa kufungia tangi hukaa kwa keateka, naye keateka Jumapili asubuhi huimba kwaya, simu imezimwa. Mama watoto akatoka kwenye baraza kupiga kelele za kuomba msaada. Majirani wakaja mbio, na kila mmoja alikuja na mtungi. Walivua viatu mlangoni kwa heshima, wakapanga foleni sebuleni.

"Jirani, hebu toa kidole kidogo," mama wa orofa ya kwanza aliniambia kwa upole. "Huu wangu haujajaa."

Mzee wa nyumba ya mwisho, ambaye hatukuwa tukisalimiana tangu ule ugomvi wa redio, aliuleta mkono wake. Nilimpa wa kushoto, maana wa kulia ulikuwa kazini, naye akaelewa. Sijawahi kupendwa katika ploti ile kama nilivyopendwa saa hizo mbili.

Fundi wa maji alifika baada ya ibada. Alilitazama tundu, akaitazama drili, akanitazama mimi.

"Nani alikufanyia hii kazi?"

"Kuna kijana fulani hapa mtaani."

"Usimlipe."

Nikamhakikishia kwamba sitamlipa, na hadi leo sijamlipa. Lakini fundi mwenyewe alilipwa, na paipu, na saruji, na rangi. Hiyo rangi ndiyo iliyoniuma. Kuta za mwenye nyumba ni krimu, na krimu duniani ni nyingi. Kiraka changu kiling'aa pale ukutani hadi keateka akaamuru upakwe ukuta mzima. Jumla ilikuwa imepita elfu nane, na rafu ilikuwa bado sakafuni.

Nikiwa juu ya ngazi na rola mkononi nilipata nafasi ya kufikiri. Kujifanyia kila kitu mwenyewe ni starehe ya nchi ambako fundi hulipwa kwa saa. Marekani, baada ya Vita vya Pili vya Dunia, watu walihamia nyumba mpya za vitongojini na kumwita fundi kukawa gharama. Black & Decker wakaanza mwaka 1946 kuuza drili za umeme za matumizi ya nyumbani, na kufikia Agosti 1954 mtindo huo ulikuwa umefika kwenye jalada la gazeti la Time. Kwetu mambo yalikwenda upande mwingine. Mwaka 1972 wataalamu wa Shirika la Kazi Duniani walichunguza ajira nchini Kenya, na ripoti yao ikaeneza duniani habari za sekta isiyo rasmi, yaani hawa hawa tunaowaita jua kali. Huu ni mji ambao kila kazi ina mwenyewe. Kuna wa kunoa visu, kuna wa kuziba sufuria, kuna wa kubadilisha zipu ukiwa umesimama pale pale, na Kamukunji kuna wanaogeuza pipa la mafuta kuwa sanduku la mtoto wa bweni. Hata lile jiko la makaa lenye udongo ndani, lililotokana na jiko la Thailand, lilipita mikononi mwa mafundi wa bati mwanzoni mwa miaka ya 1980, wakalijaribu na kulirekebisha hadi likakubali. Hao ndio niliotaka kuwashinda kwa video ya dakika sita.

Ya gunia la sukuma wiki nitayasema kwa ufupi, kwa sababu suala lenyewe bado liko mbele ya mwenye nyumba. Kilimo cha gunia ni ufundi wa kweli na kimelisha familia nyingi kule Kibera. Unasimamisha kopo lisilo na kitako katikati ya gunia, unalijaza kokoto, unazungushia udongo na samadi, unalivuta kopo juu kidogo, unarudia hadi mdomoni. Maji hushuka kwenye kokoto na kufikia mizizi yote, na miche unaichomeka kwenye matundu ya ubavuni. Udongo niliununua kwa wauza miche wa kando ya barabara (ndiyo, mjini hata udongo una bei). Tatizo ni kwamba kule Kibera gunia hukaa chini, mlangoni. Langu lilikaa kwenye baraza ya orofa ya tatu, na maji yakishafikia mizizi yote yaliendelea na safari, mekundu, hadi kwenye shuka nyeupe za orofa ya pili.

Kisha ukaingia mtindo wa kiti cha tairi. Tairi kuukuu unalizungushia kamba ya katani kwa gundi, unaweka mto juu, wageni wanashangaa. Nilikiona kimoja Westlands, katika duka ambalo mlinzi hukufungulia mlango huku akikutazama viatu, na bei yake ilikuwa karibu na kodi yangu ya mwezi. Nikashuka mjini hadi Kirinyaga Road, ambayo wengi bado huiita Grogan. Grogan mwenyewe ni yule Mwingereza aliyesifika kwa safari ya miguu kutoka kusini mwa Afrika hadi Cairo, kati ya 1898 na 1900. Sidhani angefika kama angekuwa na tairi.

Nililibingirisha katikati ya mikokoteni na wapita njia waliokuwa wakiniuliza gari liko wapi, hadi kwenye matatu ya 46. Makanga alinipokea vizuri, akalipokea tairi vibaya.

"Mzee, na hili litalipa."

"Hili ni tairi."

"Limeshika nafasi ya mtu."

Nyuma kabisa sauti ikauliza, "Dereva, tumepata pancha?" na gari zima likaangua kicheko. Tangu sheria za Michuki za 2004, abiria wa matatu anapaswa kuwa na kiti chake na mkanda wake. Tairi langu lililipa nauli kamili, mkanda halikupewa.

Karibu na Hurlingham makanga aliamuru lilazwe, eti linamziba njia. Kulilaza ndiko kulikotuponza. Tairi lililokaa nje msimu wa mvua huweka maji tumboni, na ukilisimamisha hayatoki, hutulia yakisubiri. Yalitoka yote kwa pamoja, meusi, yakiwa na viluwiluwi vya mbu walio hai na wenye afya, yakaishia mapajani mwa dada mmoja aliyevaa suti ya kazini. Hakupiga kelele. Alitoa kitambaa, akajipangusa polepole, akamwondoa kiluwiluwi mmoja kwa ncha ya ukucha, ndipo akanigeukia.

"Kaka," akasema, "tafadhali, nunua kiti."

Kufika nyumbani, tairi lilimeza kamba yote niliyoinunua Nyamakima na kubaki uchi nusu. Nilikuwa nikiyeyusha gundi ili nibandike mzunguko mwingine stima ilipopotea, gundi ikaganda na kidole changu ndani yake. Kidole kile kile cha maji.

Rafu sasa ipo. Yule fundi wa Dagoretti Corner alizichukua mbao zangu, akazigeuza huku na huku, akaniambia elfu tano na mia tano. Nikamkumbusha kwamba mwanzoni alisema elfu nne na mia tano, na tena mbao zilikuwa zake. "Hizo zilikuwa mbao nzima, mkubwa," akanijibu. "Hizi kwanza ni za kutibu." Alizileta baada ya siku mbili, rafu imenyooka, pembe zimeshikana bila msumari kuonekana, akaifunga ukutani kwa muda usiomaliza kikombe cha chai. Kabla ya kutoboa aligonga ukuta kwa kifundo cha kidole, akasikiliza, akaniuliza paipu inapita wapi. Kikombe cha pili cha chai kilikuwa haki yake.

Kwa hiyo msomaji, ukiwa na dakika sita za kutazama video, zipeleke Ngong Road ukapatane bei. Anza na nusu ya anayoitaja, uwe mvumilivu, na usimwambie una mbao zako. Na kama wewe ni wa kutosikia, tairi ninalo, natoa bure, limeshakaushwa ndani. Njoo ulichukue siku yoyote baada ya saa kumi na moja jioni, ila uje na nauli yake.