Mwenye Kanuni Zake

Mtu mwenye kanuni ni kero kwa majirani, na Kwa Vonza majirani ni wengi. Zangu nimezibandika ukutani chini ya kalenda, za kazi na za maisha, na sijaona hata moja iliyowahi kuvuka barabara ya Machakos–Kitui ikafika ng'ambo salama.

Chukua hii: usiamue jambo kabla ya kulilalia. Ni kanuni ya watu wa Nairobi. Hapa Susu, nyanya wa jirani, anakusalimu "Wakya", nawe kwa adabu unaitikia "Aa" papo hapo, na kabla hujafunga mdomo amekuomba umfikishie mbuzi wake sokoni. Utasema nini, nawe umeshaitikia? Tukapakiana boda moja: dereva mbele, mbuzi katikati, mimi nyuma nimemkumbatia. Mbele ya wanafunzi wa chuo kikuu cha SEKU waliokuwa wakisubiri matatu, mbuzi aliikojolea suruali niliyoipigia pasi kwa ajili ya mkutano. Kanuni ya tatu inasema fika mapema, fika nadhifu. Mapema nilifika.

Lakini iliyonitoa jasho ni ile ya saba: kusanya ushahidi kwanza. Kitui mvua ya kutegemewa ni ya vuli, Oktoba hadi Desemba. Ile ya Machi huja ikipenda. Kwa hiyo wengi hupanda udongo ungali mkavu, tone halijaanguka. Mimi nikasubiri. Nikasikiliza utabiri redioni, nikayachunguza mawingu, nikaona mvua ya kwanza, kisha nikangoja ya pili ithibitishe kwamba ya kwanza haikuwa ya kudanganya. Desemba mvua ikakata, na ndengu zangu ndiyo kwanza zinatoa maua. Za Susu zilikuwa zimefunga maganda.

Na si kwamba elimu ni haba. Kabla SEKU haijapata hati ya kuwa chuo kikuu mwaka 2013, mahali pale palikuwa na chuo cha kilimo cha Ukambani. Susu hakusoma huko.

"Susu, ulijuaje kama itanyesha?"

"Nani alijua? Isingenyesha, ningepanda tena."

Nilirudi nyumbani nikaitazama ile karatasi kwa muda mrefu. Hakuna pa kuandika jambo kama hilo. Halina hata namba.

Iliyobaki ni ya kumi na moja, usikope kwa jirani, ambayo ilidumu mpaka nilipohitaji mbegu za msimu uliofuata. Susu akanipimia gorogoro ya ndengu, akaijaza hadi ikafanya kilima, akasema nitarudisha mbili. Nikamwambia ningependa kwanza tuelewane kuhusu masharti.

"Masharti ndiyo hayo," akasema, akaniwekea gunia mkononi nilishike mdomo.