Wiki ya Kunyanyua Pua

JUMATATU
Pikapu yangu ni Hilux ya zamani, ya kabla ya 2005, yenye vyuma vya tosheni mbele badala ya springi za koili. Aliyekuwa nayo kabla yangu alikuwa akibeba vitunguu, akaongeza springi za nyuma, kisha akaniuzia gari pamoja na mkao wake. Makalio juu, pua chini. Jirani ameniuliza leo, mbele ya watu, kama gari inatafuta sarafu iliyodondoka. Hajawahi kunichangia hata lita moja ya dizeli.

JUMANNE
Fundi aliinama, akachungulia, akainuka. "Kazi ndogo hiyo, mzee. Nusu saa." Mbele yangu palikuwa na Noah iliyoshushwa injini. Zikaja bodaboda ambazo hazikuwa kwenye foleni, nazo zikahudumiwa. Nilipewa ndoo niikalie.

Tosheni ni chuma kirefu kilicholala chini ya chesisi. Gari inapobonyea, chuma kinajisokota, na kule kujisokota ndiko kunakobeba uzito. Mwisho wake kuna boliti. Unapiga jeki mbele, unakaza boliti, unashusha jeki, na pua imepanda. Wafaransa waliuza Citroën zenye vyuma hivyo tangu 1934, kwa hiyo nilitegemea kwamba kufikia sasa mambo yangekuwa yameshazoeleka.

Boliti ilikuwa imeshika kutu. Fundi akaimiminia mafuta ya taa, akavika bomba la maji kwenye mkono wa spana ili kupata nguvu, akavuta. Bomba likapinda. Akamimina tena, akasema tuyape mafuta muda wa kuingia. Wakati yanaingia, akapigiwa simu ya msiba. Pikapu ililala juu ya mawe, mimi nikarudi nyumbani kwa bodaboda. Dereva wake alikuwa na kofia ngumu moja, na aliivaa yeye.

JUMATANO
Boliti zimekubali. Fundi alipima kutoka katikati ya tairi hadi ukingo wa madigadi kwa futi kamba iliyokatika mwanzoni, inayoanzia saba. "Unatoa saba," aliniambia. Upande wa kushoto alitoa saba. Upande wa kulia aliongea na mteja mwingine.

Isitoshe, Singida ni mji wa majabali, na gereji hii imejibana kati ya mawili yanayozidi nyumba yangu kwa ukubwa. Uwanja wenyewe umelala upande. Gari iliyosawazishwa pale inakuwa sawa palepale tu. Tulipofika kwenye lami, bega la kulia lilikuwa limeshuka, na huko ndiko ninakokaa mimi. Fundi alinitazama tumbo, hakusema kitu.

Tulitafuta mahali tambarare, tukapapata: sheli. Fundi alikuwa chini ya gari, robo tatu ya mwili wake, mhudumu alipokuja kuuliza tunaweka mafuta ya kiasi gani. Tuliweka ya elfu kumi ili boliti ikazwe kwa amani. Ndiyo gharama ambayo haikuwa kwenye makadirio.

ALHAMISI
Ukinyanyua pua, pembe za tairi nazo zinahama, na usipofanya alaimenti tairi zitalika upande mmoja. Hilo halikutajwa Jumanne. Nilikwenda kwenye mashine mapema, nikakuta wenzangu walioamka mapema zaidi. Upepo wa msimu huu hauna adabu. Ulinijaza vumbi masikioni mpaka zamu yangu ilipofika.

Gari ilipandishwa, vipimo vikafungwa kwenye ringi, kompyuta ikaanza kuonyesha mistari mizuri ya kijani. Umeme ukakatika. Kijana wa mashine alisema hakuna atakayeshushwa, kwa sababu tukishusha tunaanza upya. Kwa hiyo pikapu yangu ilikaa angani hadi alasiri, na kwa mara ya kwanza ilikuwa imenyooka kabisa. Nilipiga picha.

IJUMAA
Nilirudi kutoka Ikungi usiku. Kila lori lililokuja upande wangu lilinipiga fulu, ilhali mimi nilikuwa nimewasha dimu. Pua ikipanda, taa nazo zinapanda. Niliona vilele vya miti vizuri sana. Barabara niliiona kidogo.

Askari alinisimamisha mahali pa kilomita 50 kwa saa, ingawa nilikuwa natembea chini ya hapo kwa kuwa sikuona ninakokwenda. "Mzee, taa zako zinatafuta nini huko juu?" Nilimweleza habari za tosheni kwa kirefu. Alinisikiliza mpaka mwisho, halafu akaniandikia.

JUMAMOSI
Tumeshusha taa kwa bisibisi, gari ikiwa imeelekea ukuta wa nyumba jirani na gereji. Mwenye ukuta alitoka akiwa na kanga mabegani, akauliza tunapima kiwanja cha nani. Alituamini baada ya kuona fundi hana viatu.

JUMAPILI
Msimu ni wa alizeti, na gari haikununuliwa ili ipendeze. Tulipakia magunia. Kila gunia lilipoingia, makalio yalishuka na pua ikapanda, hadi pikapu ikawa inatazama mbinguni na taa zikarudi kwenye vilele vya miti. Usukani umekuwa mwepesi kupita kiasi, maana mzigo umekaa nyuma na tairi za mbele zimebaki na uzito haba.

Kumbe waliotengeneza pikapu huacha nyuma iwe juu kidogo kwa makusudi, ili ikishiba mzigo ikae sawa. Fundi anasema alilijua hilo tangu awali. Hakuulizwa. Anasema pia kwamba kuirudisha pua chini ni boliti zilezile, kwa mafuta ya taa yaleyale, na alaimenti itabidi irudiwe. Nilimuuliza bei ya kushusha. Ni sawa na ya kupandisha.