Sifa za Ekstensheni ya Chumba cha Mikutano

Wako waliosifu wafalme wakapewa dhahabu, na wako waliosifu vipusa wakapewa tabasamu. Lakini Lucian, aliyeandika kwa Kiyunani katika karne ya 2, alimsifu nzi asipewe kitu, na Erasmus wa Rotterdam alichapisha mwaka 1511 kitabu kizima ambamo upumbavu wenyewe umesimama mimbarini kujisifu. Kwa kutegemea ujasiri wa mabwana hao naomba idhini ya kulitukuza jina ambalo halijapata kutajwa katika hotuba yoyote ya kufungua mkutano, ijapokuwa ni mikutano michache ifunguliwayo kabla mwenye jina hilo hajatafutwa kabatini: yaani ekstensheni, waya ule wenye plagi upande mmoja na kisanduku cha matundu upande wa pili, ulazwao sakafuni kutoka ukutani mpaka chini ya meza, ukakanyagwa na viatu vya kila cheo bila ya kulalamika.

Desturi ya wenye kusifu ni kuanza kwa nasaba, nami sitaivunja. Ekstensheni ya chumba cha mikutano huzaliwa na mafundi wawili wasiopata kuonana. Wa kwanza ni fundi umeme, ambaye huja jengo likiwa kuta tupu, akachimba mifereji ukutani kwa sababu ukuta huchimbika kwa urahisi, akapitisha mabomba yake, akaweka soketi karibu na pembe za chumba kama ramani ilivyomwamuru, akapokea ujira wake akaenda zake. Wa pili ni seremala, ambaye huja miezi kadhaa baadaye, zege limekwisha kukauka na marumaru zimekwisha kung'arishwa, amebeba meza ya mninga yenye urefu wa kukalisha watu ishirini, naye huitua katikati ya chumba, kwa kuwa hakuna mwenye akili timamu aliyewahi kuegemeza ukutani meza ya heshima. Siku ya mkutano wa kwanza ndipo ibainikapo kwamba umeme uko kando na watu wako kati, na kwamba baina yao pana hatua tatu za sakafu isiyo na tundu. Katika pengo hilo ekstensheni hupata uhai. Na kwa kuwa wazazi wake hawakujuana, hapana hata mmoja wao akiriye kwamba mtoto ni wake.

Mwenye insafu hawezi kukana jinsi mtoto huyu alivyositiri aibu ya wakubwa. Bomba la plastiki la kupitishia nyaya, lililotandikwa chini kabla ya zege kumwagwa, ni kitu cha bei hafifu ambacho msimamizi wa ujenzi angeweza kukiagiza pamoja na misumari. Lakini bomba lile lile likitakiwa baada ya zege, hudai marumaru zing'olewe, sakafu ikatwe kwa msumeno wa umeme, vumbi liingie katika majalada ya ofisi tatu za jirani, kisha zitafutwe marumaru nyingine za rangi ile ile, ambazo duka lilikwisha kuziuza zote. Mbele ya hesabu hiyo kila mhasibu, hata awe mkarimu kiasi gani, huchagua waya wa mita tano, akasema ni wa muda. Na neno hilo la muda hutimiza miaka mingi kuliko mikataba ya wafanyakazi wengi wa ofisi hiyo.

Tena tazama adhama ya utawala wake. Tangu zamani majilisi ya waungwana hukaa kwa daraja, mkubwa juu na mdogo chini, na kila mtu ajua mahali pake kabla ya kuvuka kizingiti; ekstensheni imeifuta desturi hiyo bila ya hotuba wala maandamano. Hadhirina wa leo huingia wakitazama chini, wakikisia kisanduku kimelala upande gani, na yule ambaye betri ya kompyuta yake mpakato inakata roho hukaa penye tundu, hata ikiwa kiti hicho ni cha mjumbe wa bodi. Matundu aghalabu ni manne. La kwanza ni haki ya projekta, la pili ni la mwenyekiti, la tatu ni la katibu anayeandika muhtasari, na la nne halina mwenyewe. Na mimi nasadiki kwamba anayetaka kujua tabia za watu wa idara fulani hana haja ya kusoma barua zao za sifa, maadamu atapata wasaa wa kukaa kimya na kutazama tundu la nne linavyogombaniwa.

Hesabu za mamlaka yake nazo si za kudharauliwa. Plagi ya pini tatu bapa, ambayo Tanzania, Kenya na Uganda ziliirithi kutoka kiwango cha Kiingereza cha mwaka 1947, hubeba ndani yake fyuzi isiyozidi ampia 13, na kwa umeme wa volti 230 hiyo ni karibu wati 3,000. Kompyuta mpakato ya kawaida haidai zaidi ya wati 65 au kama hizo, basi kompyuta 12 kwa pamoja hazifiki hata wati 800, na ekstensheni nzima ya wastani huzihudumia zote bila ya kutoa jasho. Ila binadamu hatosheki na kutendewa hisani kidogo. Mtu huleta birika la umeme la wati 2,000 na ushei ili wageni wanywe chai, mwingine akachomeka mashine ya kunakilia karatasi, na matundu yakiisha hutafutwa ekstensheni ya pili ikatiwa mgongoni mwa ya kwanza, na ya tatu mgongoni mwa ya pili, hata soketi moja ya ukutani ikawa inalisha chumba kizima. Wako pia wanaoiacha imeviringwa katika gurudumu lake kwa kuwa wanahitaji mita mbili tu, nao hawajui kwamba waya ulioviringwa hujifungia joto lake wenyewe; watengenezaji huandika pembeni mwa gurudumu viwango viwili, kimoja cha waya uliokunjuliwa na kimoja, kidogo zaidi, cha waya usiokunjuliwa, kwa herufi ndogo mno. Hayo yote ekstensheni huyapokea kwa subira. Hupata moto kimyakimya, chini ya zulia ililofunikwa nalo ili isiwaudhi wageni kwa sura yake, na haisemi neno mpaka itoe harufu.

Ukarimu wake kwa wageni nao una sehemu yake katika sifa hizi. Mjumbe atokaye Bujumbura huja na plagi ya pini mbili za mviringo, akakuta soketi ya ukutani ina matundu matatu bapa ambayo mawili yake yamezibwa kwa ndani, yasifunguke ila kwa kusukumwa na ile pini ya juu iliyo ndefu kuliko wenziwe. Nimeona wasomi wenye shahada za uzamivu wakiingiza kalamu katika tundu la juu ili kulaghai mlango huo ufunguke, tendo ambalo fundi umeme yeyote angelikataza kwa sauti kubwa. Ekstensheni nyingi za siku hizi haziwataki wageni wapitie fedheha hiyo: matundu yake hupokea plagi za mataifa yote, ijapokuwa kwa kutaka kuwaridhisha wote hazimshiki yeyote kwa nguvu, na ukikohoa karibu na meza chaja hutoka.

Atatokea mtu wa kusema kwamba habari za nyaya zimepitwa na wakati, kwa kuwa intaneti sasa husafiri hewani. Mtu huyo ajue kwanza ilikotoka. Mwaka 2009 waya wa SEACOM ulitia nanga Mombasa na Dar es Salaam, na mwaka huo huo ule uitwao TEAMS ukafika Mombasa kutoka Fujairah. Na nyuzi zilizomo ndani yake, nyembamba za kioo, huleta habari kwa kupita maelfu ya kilomita chini ya Bahari ya Hindi. Habari hizo huvuka vilindi, hupanda pwani, hupita chini ya barabara na kukwea ghorofa, zikafika salama katika kabati la mtandao lililoko ukumbini. Kisha zikashindwa na hatua tatu za mwisho, kwa sababu hakuna aliyekumbuka kwamba mkutano hufanyika mezani. Waya wa kuzifikisha ni wa kawaida, wenye nyuzi nane zilizosokotwa mbili mbili, na unaruhusiwa kwenda mita 100 kabla ya kuchoka. Badala yake watu thelathini, kila mmoja na simu yake na kompyuta yake, huning'inia katika kifaa kimoja cha darini, na mazungumzo ya video na wabia walioko Muscat yakaganda wakati mwenyekiti yumo kinywa wazi. Hapo ndipo kijana wa kompyuta huingia na waya mrefu wa buluu akaupitisha mlangoni, akaulaza ubavuni mwa ekstensheni na kuzifunga zote mbili kwa tepu moja, ilhali walimu wa kazi hiyo hufundisha kwamba nyaya za umeme na nyaya za habari zitenganishwe, zisije za kwanza zikazisumbua za pili.

Na wale waliojitahidi kupanga kila jambo mapema, je, walifaulu? Baadhi yao waliagiza meza iliyotobolewa juu, ikatiwa kisanduku kizuri cha shaba chenye tundu la picha la pini 15, aina iliyokuja na mashine za IBM mwaka 1987. Likaja tundu la HDMI lenye pini 19, kisha mwaka 2014 ikatangazwa plagi ndogo ya USB-C ambayo haijali upande wa juu wala wa chini, na mti wa mninga, ambao huishi kuliko watu walioupasua, ukabaki na kovu la shaba lisilopokea kitu ila makombo ya biskuti. Kwa hakika walikosea kidogo tu: kilichostahili kujengwa ndani ya sakafu ni njia, si tundu, bomba pana lenye kamba ya kuvutia iliyoachwa ndani yake, ili kila zama zivute waya wa zama hizo.

Sijataja unyenyekevu iletao. Hapana ibada ya kiofisi imfanyayo mkurugenzi apige magoti mbele ya wadogo wake, akatambaa chini ya meza akiuliza plagi ya nani hii, isipokuwa ibada ya ekstensheni. Wala sijataja huruma yake kwa wasemaji: mara ngapi mguu wa mtu aendaye msalani umejikwaa, projekta ikazimika, na mhasibu aliyekuwa akikaribia jedwali la matumizi asiloweza kulieleza akapata dakika kumi za rehema!

Basi, enyi wapenzi wa ekstensheni, naona hatari moja tu juu yake, nayo nawasihi muizuie kwa kila hila. Msikubali mchora ramani, fundi umeme na seremala wakae pamoja kabla ya zege kumwagwa. Na wakikaa kwa bahati mbaya, msikubali mtu awaulize meza itasimama wapi, itakaliwa na watu wangapi, na watu hao watakuja na vyombo gani. Maswali hayo hayahitaji hata nusu saa, na siku yatakapoulizwa ekstensheni haitakuwa na kazi.